Mkono wa Baba Mkwe

Mimi nina mdomo, nalijua hilo. Kaka yangu Basili husema nikianza kugomba hata ng'ombe wanatoka zizini wenyewe. Kwa hiyo nikisema kwamba wifi yangu Ernestina ni mtu mwema, jueni sisemi kwa kumpamba. Nasema kwa sababu nimeishi naye jiko moja miaka tisa, tangu ndoa yangu ya Babati iliponishinda nikarudi nyumbani na begi moja na hasira zangu zote. Katika miaka hiyo tisa hajawahi kunirushia neno baya. Mimi nilimrushia mengi.

Aliolewa kwetu mwaka ule mkoa wa Manyara ulipoanza. Watu kwenye harusi walikuwa wanabishana kama sasa shida zetu tutazipeleka Babati au tutaendelea kuzipandisha Arusha, na bibi harusi amekaa pale kimya, mwembamba, macho chini, binti wa Hanang. Alikuwa amesomea uhudumu wa afya mwaka mmoja, na zahanati ya kijiji ikamchukua. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda, kupima watoto uzito, kufagia, kumshikia nesi tochi wakati wa kuzalisha. Sare yake aliifua kila siku. Huku kwetu juu ya Dongobesh, ikifika Juni ukungu haukatiki, nguo hazikauki, yeye anaianika juu ya moto jikoni, na asubuhi anaondoka ananukia moshi lakini msafi.

Ila heshima yake, jamani! Heshima ya Ernestina ilinichosha. Kwetu mke wa mtoto hamzoei baba mkwe, hilo kila mtu analijua. Hakai naye benchi moja, hamgusi ovyo, na akimpa kitu anapiga goti kidogo na kutazama pembeni. Siku hizi wapo wanaocheka na baba wakwe zao kama watu waliosoma pamoja. Ernestina hapana. Baba akiingia jikoni kwa mbele, yeye anatokea mlango wa nyuma. Nilikuwa namtania, "Wifi, mzee huyu hang'ati." Anatabasamu, anajifunga kitenge upya, anaendelea na kazi.

Baba yetu ni Mzee Akonaay. Alikuwa amepita miaka sabini, mrefu, mkavu, mlimaji wa ngano na vitunguu saumu. Ndani alivaa sweta, na juu ya sweta koti zito la mtumba alilonunua mnadani miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika nchini. Koti hilo alilivua wakati wa kulala tu, na hata hapo sina hakika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipoharibu.

Mwaka mmoja jirani yetu alianguka akifunga ndama, akafa palepale. Wakasema ni presha. Basi neno presha likaingia kijijini, kila mzee akiumwa kichwa ni presha, akiota vibaya ni presha. Basili akaogopa. Akashuka Babati akarudi na mashine ya kupimia, ile unayofunga mkanda mkononi, unabonyeza kitufe, inajaza upepo yenyewe na kuandika namba. Zamani kitu kama hicho ungekiona hospitali tu. Sasa biashara ni huria, kinauzwa dukani kati ya betri na sabuni, na muuzaji hakufundishi lolote, anakupa na karatasi ya Kiingereza kwenye boksi. Karatasi hiyo Ernestina aliisoma usiku na kamusi ya mtoto wake Hermani. Maneno ya kwamba mkono uwe wazi alikutana nayo. Aliniambia hivyo baadaye, na nataka mjue kwamba aliniambia.

Siku ya kwanza kumpima Baba alikuwa ametoka shambani, amekaa kwenye benchi nje. Ernestina akapiga goti, kashika ule mkanda kwa mikono miwili. "Shikamoo, Baba. Naomba mkono." Baba akaitikia marahaba, akanyoosha mkono na koti lake. Ernestina akabaki pale. Akamtazama Basili, Basili anatazama mlima. Akanitazama mimi. Nilielewa kabisa alichokuwa anataka: mtu mwingine amwambie mzee avue. Mke wa mtoto kumwambia baba mkwe vua nguo, mbele ya watu! Angekufa kwa aibu kwanza.

Na mimi, kwa haraka yangu na mdomo wangu, nikasema, "Wee wifi, funga tu hapohapo. Mashine hiyo inajua yenyewe."

Akafunga juu ya koti. Ikanguruma, ikaandika mia na sabini na nane juu, tisini na sita chini. Tukatazamana.

Tulimpeleka kwa Tabibu Kasian, mtu wa Bukoba aliyestaafu serikalini akafungua kliniki yake ndogo njia ya kwenda sokoni. Baba alikuwa ametembea saa mbili, na alipofika aliwasalimu wagonjwa wote mmojammoja, kama anavyotakiwa mtu mzima. Kasian akampima ndani wawili tu, akatoka akasema imepanda kidogo. Alimpa kidonge kimoja cha kila asubuhi na kutuambia, "Namba ya siku moja mimi siiamini sana. Mpimeni nyumbani akiwa ametulia, muandike, mniletee daftari." Akamwuliza Ernestina, "Kupima unajua?" Ernestina akasema anajua. Mimi nikadakia, "Anajua sana, ni mtu wa zahanati."

Vidonge nikavichukua mimi. Nilisema mzee wa watu atasahau, na watoto watavichezea. Kila asubuhi namletea kikombe cha maji na kidonge kiganjani, nasimama hapo mpaka ameze, kisha namwambia afungue mdomo nione. Alikuwa ananicheka. "Efrazia, wewe ni askari." Nikamkatia na chumvi. Nikamtafunisha saumu mbichi mpaka kanisani watu wakamsalimia kwa mbali. Nilimpenda baba yangu, nilitaka aishi, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote kwa ajili hiyo.

Jumapili baada ya misa wazee wakaanza kuja uani kwetu kupimwa. Mdogo wake Baba, Mzee Hhando, ndiye alikuwa wa kwanza kwenye benchi kila wiki. Wote hao ni baba wakwe kwa Ernestina, wote wana makoti. Akawafunga juu ya makoti vilevile, anaandika, na wao wanapeleka namba zao kwa Kasian au wananunua vidonge dukani bila hata kumwona tabibu, kwa sababu dukani nani anakuuliza? Mzee Hhando alikuwa anapiga stori mashine ikinguruma, anaitikia shikamoo za wapita njia, anacheka. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mwezi wa tatu wa vidonge Baba akaanza kizunguzungu. Akisimama anashika ukuta. Siku moja alikaa chini katikati ya shamba la ngano, akashindwa kujua nyumba iko upande gani. Ernestina akampima, juu ya koti, mia na sitini na mbili. Nikamfokea, "Unaona? Imegoma kushuka! Nendeni mkaongezewe!" Basili akapeleka daftari bila mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa hakuweza kutembea. Kasian akaongeza kidonge cha pili, kile cha kukojoza, akaandika chini kwamba anataka kumwona mzee mwenyewe. Hatukumpeleka. Barabara ilikuwa tope, na tulikuwa na namba zetu.

Ukweli ni kwamba kizunguzungu kilizidi. Kadiri kilivyozidi, tuliamini zaidi kuwa presha inapanda, na mimi sikukosa asubuhi hata moja. Baba akakonda. Midomo ikawa mikavu. Akawa anaamka kukojoa mara nne na kurudi anajikokota na ukuta. Ernestina alianza kukosa raha. Jioni moja tunachambua maharage akasema taratibu, "Wifi, nafikiri ile karatasi inasema mkono uwe mtupu."

"Basi mwambie avue."

"Nimwambie mimi?"

"Si wewe ndiye daktari wa nyumba?"

Akainamisha kichwa. Ningeweza kumwambia Baba mwenyewe, mimi ni binti yake, ningeweza kumshika mkono nikavuta lile koti kwa utani. Lakini nilikuwa nimechoka siku hiyo, na nilitaka kumwona anavyohangaika na heshima yake. Nilicheka, Mungu anisamehe. Hakulisema tena.

Alianguka asubuhi ya Alhamisi. Alitoka kwenda kumwona ng'ombe aliyekuwa amezaa, akapita mlangoni, nikasikia kishindo. Nilimkuta amelala ubavu kwenye kizingiti, uso umekuwa wa majivu, jasho la baridi linamtoka, mguu wa kulia umegeukia nje vibaya. Nikapiga kelele, "Presha! Presha imempiga!" Nikakimbia ndani kuchukua vidonge. Vyote viwili vya asubuhi ile, na cha tatu nikaongeza mwenyewe kwa hofu.

Ernestina alikuja mbio na mashine. Akafunga mkanda juu ya koti, akabonyeza. Ikanguruma, ikashindwa, ikaandika herufi tu badala ya namba. Akabonyeza tena. Herufi. Mara ya tatu herufi. Basili akampigia Kasian simu, akaweka sauti ya juu tukisikia wote.

"Inasema nini?" Kasian akauliza.

"Inakataa, daktari," Ernestina akasema.

"Mkono uko wazi?"

Ernestina akautazama mkono wa koti.

"Dada, nakuuliza, mgonjwa amevaa nini mkononi?"

"Sweta. Na koti."

"Tangu lini mnampima na koti?"

Nikasema mimi, "Siku zote, daktari." Nilisikia pumzi ya yule mtu kwenye simu. Akasema, "Vueni sasa hivi. Na msimpe kidonge chochote. Mmenisikia? Chochote!"

Ernestina akaweka mkono kwenye kifungo cha kwanza. Baba, hali ile ile, macho nusu yamefunga, alilishika koti lake kifuani. "Mama Hermani," akasema, sauti ndogo, "acha." Akaacha. Akarudi nyuma kwa magoti, analia, ameuziba mdomo kwa kitenge. Hapo ndipo nilipopandwa na kichaa. Nikachukua kisu cha jikoni, nikachana mkono wa koti kutoka kiwiko hadi begani, nikachana na sweta chini yake. Mkono wa baba yangu ukatoka. Sikuwa nimewahi kuuona juu ya kiwiko. Ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, ngozi inaning'inia, na nilikuwa naujaza dawa za mtu mwenye damu ya kupasua mishipa.

Sabini na tisa juu. Arobaini na nne chini.

Vile vidonge vitatu vilikuwa bado kiganjani mwangu, vimeanza kuyeyuka kwa jasho. Nilivitupa nje kwa kuku, kisha nikakimbia kuwafukuza kuku.

Kasian alisema alazwe hivyo hivyo, afunikwe, mguu usiguswe, gari litafutwe. Gari lilipatikana saa sita. Mzee Hhando ndiye aliyekwenda kulitafuta, kwa miguu, kwenye matope, na aliporudi aliegemea mti anahema.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika. Vidonge vyote vikasimamishwa, wakamtundikia maji. Kulikuwa na nesi mmoja wodini, Mectilda, mtu mzima, mwanamke wa maneno machache. Kila asubuhi kabla hajampima alitufukuza wageni wote. Mgonjwa akitaka kuitikia salamu alimwekea kidole mdomoni. Alisubiri dakika tano kwa saa yake. Mkono mtupu, umelala kwenye mto usawa wa moyo, mkanda umekaa juu ya kiwiko, haukubana wala haukulegea. Akimaliza anasubiri kidogo, anapima tena. Ernestina alisimama mlangoni akimtazama kila siku, macho mekundu. Siku ya tano, bila kidonge hata kimoja mwilini, Mectilda akaandika mia na ishirini na sita kwa sabini na sita. Siku ya sita vilevile. Siku ya saba vilevile.

"Mlisema ana presha?" akatuuliza.

Tulitoka nje tukakaa kwenye nyasi nyuma ya jiko la hospitali, mimi, Ernestina na Basili. Nilidhani nitampiga. Nilikuwa na hamu ya kumpiga mtu, yeyote, na ningemwanza yeye kwa goti lake na macho yake chini. Akageuka akasema, "Wifi, wazee wote wa Jumapili."

Basili akashtuka. "Nyamaza. Ukilisema hilo watasema umemuua Baba."

"Baba hajafa."

"Basi ngoja apone kwanza, tutawaambia taratibu. Zahanati watakufukuza. Ukoo utakuita mchawi. Una watoto, mama Hermani."

Akanitazama mimi, kama ile siku ya kwanza. Na mimi, mwenye mdomo wa kufukuza watoto wa shule njiani, nikasema, "Basili yuko sahihi. Ngoja apone."

Hakupona. Kulala kule kulimletea nimonia. Siku ya kumi na moja asubuhi aliniita jina langu vizuri kabisa, akaniomba chumvi. Nikasema Baba, chumvi ya nini, hakuna chakula hapa. Akasema anataka tu ailambe, ameikumbuka. Nilikwenda kuomba jikoni, wakanipa kidogo kwenye karatasi. Niliporudi walikuwa wameshamfunika uso. Nililia mpaka sauti ikaisha, na hasira yote niliyokuwa nayo kwa dunia ikanigeukia mwenyewe.

Tulimzika nyumbani Jumamosi. Watu walijaa uani, wazee mbele kwenye mabenchi na makoti yao, ukungu umekaa mpaka kwenye paa. Katekista akasoma historia ya marehemu: amezaliwa, amebatizwa, amelima, ameacha watoto na wajukuu. Akafika mwisho. "Marehemu alisumbuliwa na presha kwa muda mrefu, familia ikahangaika naye kwa upendo, hasa mkwe wake Ernestina, ambaye alimhudumia bila kuchoka."

Watu wakaitikia kwa sauti ya kuridhika. Mwanamke mmoja karibu yangu akasema, huyo ndiye mkwe.

Ernestina akasimama. Basili akamvuta kitenge, kitenge kikamfunguka begani, hakukifunga. Akapita katikati ya wanawake mpaka pale mbele.

"Baba hakuwa na presha," akasema. "Nilimpima juu ya koti. Niliona aibu kumvua. Mashine ikadanganya, na sisi tukampa dawa za ugonjwa ambao hakuwa nao, zikamwangusha."

Nikasimama na mimi. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia afunge juu ya koti. Na vidonge nilimpa mimi kwa mkono wangu." Sijui kama walinisikia. Macho yote yalikuwa kwake. Mtu mmoja nyuma akasema neno ambalo Basili aliliogopa.

Ernestina hakugeuka. Alikuwa anawatazama wazee kwenye mabenchi, uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine. Sikuwa nimewahi kumwona anawatazama. "Na ninyi nyote niliwapima hivyohivyo," akasema. "Msiache dawa kwa kukisia, wengine mnazihitaji kweli. Lakini leo lazima nipime upya."

Mzee Hhando akainuka, akashika bega la jirani yake. "Mwanangu," akasema, "mimi asubuhi hii nimemeza viwili. Na tangu juzi nikisimama sikuoni vizuri."

Akakalishwa. Mashine ilikuwa ndani, nikaenda kuichukua mbio. Niliporudi Ernestina alikuwa amekaa kwenye benchi la wazee, ubavuni kwa Mzee Hhando, naye baba mkwe wake, mbele ya ukoo mzima na jeneza, na vidole vyake vilikuwa vinafungua vifungo vya koti kimoja kimoja. Mzee alikuwa amegeuzia uso pembeni kwa aibu, machozi yanamtoka, lakini mkono alikuwa ameunyoosha.

Katekista akauliza kama tuendelee na maziko. Nikamwambia anyamaze, asubiri dakika tano.